Mwalimu Kikoti na Magitaa Mawili

Usiku ule nililala mkono wa kushoto nimeuzungushia kanga ya mke wangu na kuuweka juu ya mto wake wenyewe, maana nikiuacha chini ulikuwa unawaka kuanzia kiwiko mpaka kidole kidogo. Mama Upendo aliniuliza kuna nini. Nikamjibu baridi. Iringa ukishasema baridi hakuna anayekuuliza swali la pili, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya baridi hiyo tangu mwezi wa sita.

Ngoja nianze na ya mchana, la sivyo ndoto yenyewe haitaeleweka. Mimi ni mpiga gitaa la solo. Bendi yetu ni ya dansi, watu saba, na kila Jumamosi tunapiga kwenye ukumbi mmoja kule Kihesa. Mjini hapa ukitaja solo watu wananitaja mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyo, au niseme ndivyo ilivyokuwa. Gitaa la bendi nililokuwa napigia lilikuwa limechoka mpaka aibu: limeungwa kwa gundi mara mbili shingoni, na kitufe kimoja kilishang'oka nikaweka kifuniko cha dawa ya meno. Mwishowe kiongozi wetu akasema basi, tunanunua jipya. Akaniita pembeni baada ya mazoezi ya Jumapili.

"Wewe ndiye mwenye mkono," aliniambia. "Kayashike yote yaliyopo, uchague. Ijumaa saa nne asubuhi nataka jibu, Jumamosi tunapanda nalo jukwaani."

Nilivyosikia hilo neno mkono, nikauingiza wa kushoto mfukoni.

Kwa Hasani, muuzaji wa vyombo vya muziki pale mjini, yalikuwepo mawili tu ambayo bendi yetu ingeyaweza. Yanatoka kiwanda kimoja, umbo moja, ndugu wa baba na mama mmoja. La kwanza ni la kawaida: jeusi, rangi moja tu, vyuma vyeupe, na pale mwisho wa nyuzi kuna kipande cha chuma kimefungwa skrubu ndani ya mbao, hakitikisiki hata uje na nyundo. La pili kichwani limeandikwa kwa dhahabu, Deluxe, na Hasani anaita dilaksi, basi na sisi wote tukaita hivyo. Hilo bwana limepambwa. Uso wake una mistari ya mbao inayometameta, funguo za kukazia nyuzi ni za rangi ya dhahabu, lina begi lake, na lina kimkono cha chuma ambacho ukikisukuma nyuzi zote zinayumba kwa pamoja na sauti inalia. Hasani alinisukumia kile kimkono mara tatu huku akinitazama usoni, kama mtu anayekuonjesha maandazi.

"Hili la kawaida ni la wanafunzi, kaka," alisema. "Dilaksi ndiyo ya watu wa kazi."

Uongo mtupu. Mtu yeyote wa kazi anajua kinyume chake. Kwenye dilaksi kile chuma cha mwisho wa nyuzi kinaning'inia kwa springi, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, na kwenye dansi nyuzi hukatika, zile tano zilizobaki zinapoteza sauti zote kwa mpigo. Unabaki katikati ya wimbo umeshika mbao. La kawaida uzi ukikatika unaendelea na tano mpaka wimbo uishe, watu hata hawajui. Hayo yote niliyajua nikiwa nimesimama pale dukani, na bado nilikuwa naitaka dilaksi kwa roho yangu yote.

Niliitaka kwa sababu ya shingo. Shingo ya dilaksi ni nyembamba, na nyuzi zake zimelala chini kabisa, hazihitaji kubonyezwa kwa nguvu. Nilipoishika tu, vidole vyangu viwili, kile cha pete na kile kidogo, vilijaribu kuinuka. Vilijaribu tu, lakini kwenye lile la kawaida havikujaribu kabisa. Vile vidole vilikuwa vimekufa, jamani. Vilianza na ganzi, mara vikawa vinaungua usiku, mara nikawa naviona vipo lakini sivisikii, na hakuna mtu niliyemwambia.

Sasa mtauliza nilikuwa napigaje kila Jumamosi. Hapo ndipo penye aibu yangu. Nyuma yangu, karibu na spika, anasimama Semeni, anapiga gitaa la pili. Semeni ni mtoto wa Mwalimu Kikoti, aliyenifundisha mimi gitaa tangu nikiwa sijaota ndevu, na ananiita Bamdogo kwa sababu kwa baba yake nilikuwa kama mdogo wake wa tumbo moja. Siku moja mazoezini nilimwambia, "Mwanangu, ile sehemu ya kati tupige wote wawili, iwe nzito." Akakubali. Jumamosi ile ilipofika sehemu ya kati, nilikizungusha kitufe cha sauti cha gitaa langu polepole mpaka chini kabisa. Nikawa natembeza vidole vile vizima juu ya shingo, nafumba macho, natikisa kichwa, na sauti yote inatoka kwake.

Watu walipagawa. Wakaja jukwaani kunituza, wananibandika noti kwenye paji la uso, jasho linazishika, na mimi nimeinamisha kichwa napokea. Jumamosi iliyofuata nikafanya tena, na iliyofuata tena, mpaka ikawa ndiyo desturi yetu, na wala hatujawahi kuizungumza.

Kwa hiyo nilipolala usiku ule wa kuamkia Ijumaa, kichwani kulikuwa na kitu kimoja tu. Nikichagua la kawaida nimeumbuka, maana siwezi kulipiga hata ule mwanzo wa wimbo. Nikichagua dilaksi napata labda mwaka mmoja wa kuendelea kujificha. Nilikuwa nimeshaamua dilaksi. Nilijiambia hivyo mara kumi nikiwa nimelala chali.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa tena dukani kwa Hasani, mchana kweupe, jua limeingia mlangoni mpaka kwenye kaunta, na nje watu wa sokoni wanaita wateja kama kawaida. Lakini Hasani hakuwepo. Nyuma ya kaunta alisimama Mwalimu Kikoti na lile koti lake la kaki, anafuta vumbi kwenye gitaa kwa pindo la mkono wa koti.

Nilijua amekufa. Hilo nataka mlielewe, sikuchanganyikiwa hata kidogo. Mwaka juzi nilibeba jeneza lake mimi mwenyewe, upande wa mbele kulia, na bega liliniuma siku tatu. Hata ndotoni nilikumbuka lile bega. Ila sikushtuka kwamba mfu amesimama dukani. Nilichoogopa ni kwamba ataniambia nipige.

Alikuwa mtu wa kusalimia kwanza, Mwalimu. Kamwene, halafu habari za nyumbani, halafu watoto, ndipo mengine. Safari hii hakunisalimia. Aliyaweka magitaa yote mawili juu ya kaunta, yamelala ubavu kwa ubavu, akaegemea ukuta.

"Chagua," alisema.

Nikanyoosha mkono kwenye lile linalometameta, na kabla sijaligusa nikaona ni jeusi. Nikageukia la pili, nalo ni jeusi. Nikatazama tena la kwanza, sasa lina dhahabu. Kila nikipepesa macho yanabadilishana, na Mwalimu ametulia tu, anangoja. Nyuma yangu nasikia watu wanaingia. Nageuka, ni bendi yetu nzima. Wamebeba ngoma na spika mabegani, wamepanga foleni mpaka barabarani, na kiongozi anatazama saa yake. Jasho linanitoka kwapani, nasema jamani ngojeni kidogo, nasema nakuja, nakuja, na hakuna aliyeniuliza.

Basi nalikamata lolote. Kwa shingo yake najua ni dilaksi, imeingia kiganjani vizuri kabisa, na ninafurahi, nasikia hadi kulia. Nataka kumwonyesha Mwalimu kwamba bado nipo. Lakini nikibonyeza, ile shingo inazidi kuwa nyembamba. Inakuwa kama fimbo. Inakuwa kama kijiti cha mshikaki. Vidole vinakutana vyenyewe kwa vyenyewe, hakuna cha kubonyeza, na nyuzi zimelegea kama tambi zilizoiva, zinaning'inia mpaka magotini.

"Rudia," Mwalimu anasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Miaka yote aliyonifundisha hakuwahi kunigombeza wala kunisifu, ni rudia tu, rudia, mpaka mikono yenyewe inashika. Sasa narudia. Hakuna sauti. Anasema rudia. Narudia, na ile foleni nyuma yangu inasogea hatua moja mbele, nasikia pumzi zao shingoni.

Halafu siko dukani. Niko jukwaani Kihesa, ukumbi umejaa, madirisha yote yako wazi na jua linawaka ndani, lakini watu wamevaa zile nguo zao za Jumamosi na wanacheza. Wimbo umefika sehemu ya kati. Gitaa lililo kifuani mwangu ni dilaksi, linang'aa mpaka linaniumiza macho, na waya wake haujachomekwa popote. Nauona unashuka jukwaani, unapita katikati ya miguu ya wachezaji, unatoka mlangoni. Kila mtu anaukanyaga. Hakuna anayeutazama isipokuwa mimi, na ninatembeza vidole haraka haraka nikiomba Mungu pasitokee mtu wa kuinamisha kichwa chini.

Na sehemu ya kati inalia. Haki ya Mungu, sijawahi kuisikia ikilia vile. Kuna mahali kabla ya kugeuka inachelewa kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo akasita. Ule mchelewo si wangu, mimi sikuwahi kuupiga wala sikumfundisha mtu.

Wachezaji wanapisha njia. Mwalimu Kikoti anakuja kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, amefunga vifungo vyote vya koti, anacheza ile yao ya kizee, hatua mbili mbele, moja nyuma, na mkononi ana noti ameikunja vizuri. Anakuja kutuza. Naona fahari, niwe mkweli. Kati ya hofu yote ile niliona fahari. Katika uhai wake hakuwahi kunituza hata mara moja, na leo anakuja mbele ya watu wote. Nikainamisha kichwa kama nilivyozoea, nikaweka paji la uso tayari.

Akanipita.

Nilisikia upepo wa koti lake shavuni. Alinipita kama ambavyo ungepita stendi ya kipaza sauti, akaenda nyuma kwenye spika, anatafuta. Anachungulia huku, anachungulia kule, ile noti bado ameishika juu. Pale anaposimama Semeni siku zote hapaonekani mtu. Kuna mlango. Mlango wa mbao umefungwa nusu, umepakwa rangi ya kijani na chini kumebanduka, na mimi naujua ule mlango.

Ni mlango wa jikoni nyumbani kwa Mwalimu. Tumekaa sebuleni, mimi na yeye, kwenye vile vigoda vyake viwili, jiko la mkaa katikati yetu, na kikombe cha chai kinatoa mvuke. Ndivyo tulivyokaa kila Jumatano kwa miaka saba nikijifunza. Hakuna ukumbi tena, hakuna watu. Nje nasikia kuku. Na nyuma ya ule mlango wa jikoni mtu anapiga gitaa, sehemu ileile ya kati, na ule mchelewo wake.

Mwalimu ameinamisha sikio. Kikombe hakigusi.

"Nani anapiga?" aliuliza.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya magoti, mitupu. Nyumbani kwake sikuwa hata na gitaa. Nikamtazama usoni, mtu aliyenitoa kwenye kuchunga mbuzi akanipa kazi ya maisha yangu, nikamjibu, "Ni mimi, Mwalimu."

Na gitaa jikoni likaendelea kulia.

Sijui niseme vipi ile aibu. Nimewahi kudanganya watu, nani hajawahi, lakini kumdanganya mfu huku anasikia ukweli kwa masikio yake mwenyewe, hapana. Hakubisha wala hakukasirika. Alishusha macho taratibu mpaka kwenye mikono yangu, akaitazama muda mrefu, akanyoosha wa kwake.

"Nipe huo wa kushoto."

Hapo ndipo hofu kubwa iliponipata. Bibi yangu alitufundisha tangu wadogo, na nadhani kila mtu wa huku kafundishwa: marehemu akija ndotoni akikupa chakula usile, akikuita usiitike, akitangulia usimfuate, na mkono ndio usimpe kabisa, maana unaweza usirudi. Nikaona sasa ndiyo leo. Nikauficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Siwezi, Mwalimu. Utanichukua."

Akacheka. Alikuwa akicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika, na ndivyo alivyocheka.

"Nikuchukue nikupeleke wapi?" alisema. "Nilitaka kujua tu kama unauma."

Jamani. Tangu mwezi wa sita hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo, kwa sababu hakuna niliyempa nafasi ya kuuliza. Nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu, nikautoa ule mkono nyuma ya mgongo nikamwonyesha, sikumpa, nilimwonyesha tu.

"Unauma, Mwalimu. Vidole viwili sivisikii. Siyo mimi ninayepiga."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama alivyofanya nilipokuwa nikipata sawa baada ya kurudia mara nyingi. Akainuka. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa jikoni akasimama karibu kabisa, pua yake karibu iguse mbao, na ile noti iliyokunjwa bado iko mkononi. Nilimngoja afungue. Hakufungua. Alibaki pale anasikiliza mpaka wimbo ulipokaribia mwisho, na alipogeuka alikuwa na sura ya mtu mwenye haraka.

"Mimi siruhusiwi," alisema. "Wewe utafungua. Mwambie mwanangu nimemsikia."

Jikoni gitaa likanyamaza ghafla, kama mpigaji amesikia sauti zetu. Nikatega sikio lianze tena. Nikatega, nikatega, hakuna kitu, na hofu ikanirudia kwamba limenyamaza moja kwa moja na ni kosa langu. Nikainuka kwenda kwenye mlango, miguu haitembei, naita Semeni, Semeni, na sauti haitoki.

"Baba Upendo! We Baba Upendo!"

Mama Upendo ananitikisa bega. Kumekucha, mwanga umeshaingia kwenye pazia. Uso wangu umelowa, na ile kanga imefunguka yote.

"Unalia nini?" aliuliza. "Semeni kafanya nini?"

"Mkono," nikamwambia. "Mama Upendo, mkono wangu umekufa. Vidole viwili sivisikii. Siyo baridi."

Akaiokota ile kanga akaikunja.

"Kwani mimi mjinga?" alisema. "Baridi gani hiyo ya mkono mmoja? Nilikuwa nakungoja useme." Akauchukua ule mkono akaanza kuukanda, hana haraka, na akasema Jumatatu tunakwenda hospitali, sitaki maneno.

Nikamweleza ndoto yote. Nilipofika pale pa mkono aliguna, akauliza mara mbili kama kweli sikumpa. Nikasema kweli. "Na salamu aliyokupa," alisema, "ipeleke leo hii kabla hujala kitu. Ukilala nayo tena atakuja kuidai."

Basi nikashika simu. Nawaambia ukweli, nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Nilianza kuipunguza ile salamu kichwani. Nikaona naweza kumwambia Semeni baba yako anakusalimia, nimemwota, ana afya njema, yaishe. Hilo nalo ni salamu. Nikaona naweza kumwambia hivyo, halafu saa nne nikaenda kwa Hasani nikachukua dilaksi yangu, na Jumamosi tukapanda jukwaani kama siku zote. Mama Upendo alikuwa ameketi pale kitandani ananitazama. Nikapiga.

"Shikamoo, Bamdogo. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimemwota baba yako."

Akauliza kama tunavyouliza wote. "Amekupa kitu?"

"Hapana."

"Umemfuata?"

"Sijamfuata. Amenituma kwako." Nikaitoa salamu yote. "Amesema, mwambie mwanangu nimemsikia."

"Amesikia nini?"

Angeweza kuniachia. Angesema asante, Bamdogo, tukakata simu, na ningekuwa nimetimiza. Lakini aliuliza.

"Ile sehemu ya kati," nikasema. "Ile watu wanayonituzia mimi. Amesikia kwamba ni wewe. Nilimdanganya kwamba ni mimi, hakudanganyika. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni kwenu, anakusikiliza."

Kule upande wa pili nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Nani kakwambia habari za jikoni?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia."

"Bamdogo, mimi nilijifunzia jikoni. Nyie mkiwa sebuleni na baba, mimi nilikuwa jikoni na lile gitaa lake bovu, nafuata mnachopiga, nabonyeza tu, sigongi nyuzi, asinisikie. Siku moja alinikuta nalo akaniambia lirudishe ulikolitoa. Sikuwahi kupiga mbele yake mpaka amekufa." Sauti ikakatika. Akalia kidogo, nami nikalia upande wangu, Mama Upendo akanipokonya simu akamwambia pole mwanangu, pole, halafu akanirudishia.

Nikapangusa uso. "Semeni, nisikilize. Saa nne kiongozi anataka jibu. Nitamwambia solo ni yako kuanzia kesho, na nitamwambia kwa nini, mbele ya wote. Mimi vidole vyangu vimekwisha. Gitaa utachagua wewe. Twende kwa Hasani uyashike yote mawili, dilaksi na la kawaida, tusikimbilie."

"La kawaida," alijibu papo hapo.

"Hata hujayashika, mwanangu."

"Nimeyashika. Wiki hii nimekwenda pale mara tatu." Akasita, nikasikia anatafuta namna ya kuliweka. "Dilaksi nzuri, siikatai. Lakini shingo ile nyembamba ni ya mtu mwenye mkono mgonjwa, Bamdogo. Mimi mkono wangu mzima."

Alilisema kwa heshima zote, polepole, wala hakunicheka. Nikamjibu, "Haya, mwanangu. Saa nne tukutane pale mlangoni kwa Hasani."